Siku moja maishani mwangu: mimi si mchuaji, napima misuli hapa Pemba

Saa 11 alfajiri nshaamka, swala, chai na mkate wa kumimina, daladala mpaka Chake, saa 2 nipo kazini. Wa mwanzo goti, wa pili mgongo, wa tatu bega, saa 4 nshamalizana nao.

Kazi yangu watu wengi hawaijui, wakisikia fizio, yaani tiba ya viungo na misuli, wanakuja na chupa ya mafuta ya nazi wakitaka wachuliwe tu.

Saa 4 na kitu kaingia mzee mmoja, kaanguka kwenye mkarafuu msimu uliopita akavunjika mkono wa juu, mfupa umeunga vizuri lakini kiganja kinaning'inia hakiinuki, maana mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa ule uliumia. "Mwanangu nichue nende zangu, mitambo ya nini?" Nikamwambia mzee wangu, msuli haujivuti wenyewe, ubongo unatoa amri, inashuka uti wa mgongo, inafata mshipa mpaka kwenye msuli, ikifika pale umeme mdogo unatambaa kwenye nyuzi ndo zinajivuta. Huo umeme ndo nnaoutafuta, hata ukiwa mkubwa ni sehemu chache tu za elfu ya volti.

Nikanyoa vinyweleo, nikafuta ngozi kwa spiriti, vibandiko viwili vya kunasa umeme huo juu ya msuli wa kuinua kiganja, cha tatu kwenye mfupa wa kiwiko, waya mpaka kwenye laptop. Skrini fujo tupu. Feni! Umeme wa ukutani unapiga mara 50 kwa sekunde na wa msuli uko baina ya 20 na 500, kwa hiyo vinaingiliana. Nikazima feni, nikachomoa laptop kwenye chaji, bado, kumbe jasho limelegeza vibandiko, bandua, safisha, bandika upya, joto lile, mzee kanuna, nje watu wanagonga mlango, saa nzima imekwenda na sijapata kitu cha kuandika.

"Inua kiganja mzee." Mkono kimya, ila mstari wa kwenye skrini ukaruka kidogo. Sikutaka kumpa tamaa bure maana msuli wa jirani nao unasikika, nikamwambia akunje kiganja kwa ndani, mstari ukakaa chini. Inua, ukaruka. Wacha, ukatulia. Mara nne nzima hivyo hivyo! Nikamgeuzia skrini nikamwambia mshipa wako unaota upya, unakwenda kama milimita 1 kwa siku, ndo maana miezi yote hii, na umeshafika kwenye msuli kabla jicho halijaona kiganja kikisogea. Akatazama mkono, akatazama skrini, hakusema kitu.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa, wagonjwa wa foleni wote niliwahudumia, adhuhuri nimeswali mbio mbio, chakula sikumbuki, miguu inawaka moto.

Natoka jioni namkuta mzee bado yupo barazani anamsubiri mjukuu wake, mkono kaulaza juu ya paja, anauambia polepole: inua... wacha... inua.