Sehemu ya Kumi na Sita

Ndugu zangu katika dharma, namaste.

Wiki hii tunafikia Amavasya, tithi (siku ya mwezi) ya 30, usiku ambao mwezi unakaa na jua na hakuna mtu anayeuona. Wenye panchang, yaani kalenda yetu, ya Gujarat wataona mwezi wa kalenda unaishia hapo. Wenye ile ya India Kaskazini wataona uko katikati tu, maana mwezi wao huishia Purnima, mwezi mpevu. Msibishane. Usiku ni uleule.

Wengi wetu tumelelewa kuuogopa. Bibi zetu walitukataza kusafiri siku hiyo, kupanga harusi, kuanza ujenzi, hata kupita chini ya mti mkubwa baada ya magharibi. Watamil wengi, Wahindu wenzetu, wanaona kinyume: kwao hiyo ni siku njema ya kuanzia kazi. Sitaki kubeza miko ya wazee. Ninachohofia ni kwamba woga ukizidi unatunyima jambo kubwa ambalo maandiko yetu yamelisema juu ya usiku huu.

Liko katika sura ya kwanza ya Brihadaranyaka Upanishad, moja ya maandiko yetu ya kale. Prajapati, Bwana wa viumbe, ana sehemu 16. Sehemu 15 ni mausiku yake, na kwa hayo anajaa na kupungua kama tunavyouona mwezi ukijaa na kupungua. Sehemu ya 16 haipungui. Unapofika usiku wa Amavasya, Prajapati anaingia na sehemu hiyo ndani ya kila chenye pumzi, na asubuhi anazaliwa tena. Kwa sababu hiyo, Upanishad inasema, usiku huo mtu asikatize pumzi ya kiumbe chochote, hata ya mjusi.

Hata mjusi! Nimelisoma neno hilo mara nyingi na bado linanisimamisha. Mwandishi angeweza kumtaja ng'ombe, ambaye tunamheshimu tayari. Angeweza kumtaja tembo au njiwa. Amemchukua mjusi, yule wa ukutani karibu na taa, tumbo lake jembamba hadi unaona kivuli cha alichokula, koo likipandapanda kwa pumzi. Yule tunayemfukuzia ufagio bila hata kukatiza mazungumzo. Ndani yake, usiku huu, yumo Bwana wa viumbe na ile sehemu yake isiyopungua. Kumbe mwanga haukupotea angani. Umehamia kwenye vifua vya viumbe, na hakuna kifua kilichorukwa kwa kuwa ni kidogo mno au hakipendezi.

Upanishad haiishii hapo. Inasema na mtu naye yuko hivyohivyo: mali yake ndiyo zile sehemu 15, nafsi yake, atman, ndiyo ya 16. Kwa mali anajaa na kupungua. Nafsi ni kitovu cha gurudumu, mali ni ukingo wake wa nje, na mtu akipoteza vyote lakini mwenyewe yungali hai, watu husema amepoteza ukingo tu. Ninajua kati yetu wapo ambao mwaka huu wamefunga duka, au wamemuuguza mzazi hadi akiba ikaisha. Sitawaambia kwamba ukingo hauumi unapovunjika. Unauma sana, na gari bila ukingo haliendi. Lakini gurudumu hutengenezwa tena kuanzia kitovuni, na kitovu chenu kipo.

Katika Upanishad hiyohiyo, sura ya nne, Mfalme Janaka wa Videha anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya: mtu ana mwanga gani? Jua, anajibiwa. Jua likizama? Mwezi. Vyote viwili vikizama? Moto. Na moto ukizimika? Sauti, maana hata usipouona mkono wako mwenyewe, mtu akiita, unaifuata sauti yake na unafika. Na sauti ikinyamaza? Hapo Yajnavalkya anajibu kwamba nafsi yenyewe ndiyo mwanga wake. Angalieni subira ya mfalme huyu. Hakuridhika na jibu la kwanza wala la tatu. Alizima taa moja baada ya nyingine mpaka ikabaki ile isiyozimika. Mauni Amavasya, Amavasya ya kimya, ya mwezi wa Magha ina maana hiyo. Mamilioni huenda Prayagraj, India, mito ya Ganga na Yamuna inapokutana, wakaoga na kukaa kimya. Wanainyamazisha sauti kwa hiari yao, nayo Bhagavad Gita, sura ya 17, inakihesabu kimya hicho kuwa ni tapas, yaani nidhamu ya kiroho, ya moyo.

Sisi tunaoishi pwani tunao ushahidi mwingine mlangoni. Kiza cha mwezi ni wakati wa bamvua, sawa na mwezi mpevu. Maji yanajaa hadi yanapiga ukuta, na yakitoka yanaacha wazi miamba ambayo siku za maji mafu huioni kabisa. Mwezi hauonekani, na bahari nzima inautii.

Na Diwali yetu, sikukuu ya taa, imewekwa juu ya Amavasya, wakati Wabengali wanamwabudu Kali usiku huohuo. Hilo mnalijua.

Niseme zaidi kuhusu tarpana, ibada ya kuwamiminia maji waliofariki, kwa sababu vijana kadhaa wameniuliza. Amavasya ni siku ya pitri, wazee wetu waliotangulia, na ile ya mwisho wa Pitru Paksha, kipindi cha kuwakumbuka, ni yao wote kwa pamoja, hata wale ambao tarehe ya kufa kwao imesahauliwa. Unaelekea kusini. Unachukua maji yenye ufuta mweusi, pamoja na majani ya kusha, nyasi takatifu, na unayaachia yapite kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ukimtaja baba, babu na baba wa babu, kila mmoja kwa jina na gotra, yaani ukoo, yake. Hakuna gharama. Ni maji na ufuta, na Krishna mwenyewe katika Gita, sura ya 9, anasema anapokea jani, ua, tunda au maji yakitolewa kwa upendo.

Wengi wetu tukishawataja wa nyumbani tunakunja mkeka. Nawaomba wiki hii msiondoke mapema. Baada ya majina kuna maneno ya kuwapa maji hayohayo wale wasio na mama, wasio na baba, wasio na ndugu wala rafiki wa kuwakumbuka, na mengine yanayowaombea viumbe wote washibe, kuanzia Brahma hadi unyasi mmoja. Kama kuna jirani aliyefariki peke yake, au mzee aliyekuwa akilala barazani na hukuwahi kujua ukoo wake, maji yake ni hayo, wala hayahitaji gotra. Mimina taratibu, yatatosha.