Mwaka huu nawahi

Nimeamua kuwahi, na sizungumzii kuwahi kazini peke yake. Kazini kuna kitabu cha mahudhurio na kuna mshahara, kwa hiyo kila mtu anajitahidi. Nazungumzia kuwahi kote: dukani Kariakoo ninakotunza hesabu, darasani jioni ninakojiandaa na mitihani ya uhasibu ya CPA, na nyumbani Kimara Temboni kwa watoto wangu wawili na binti tunayeishi naye anayenisaidia kazi. Watu wenye ratiba kama yangu, wengi wetu, tunawahi kule tunakoogopa na tunachelewa kule tunakopendwa. Hilo ndilo ninalotaka libadilike kwangu.

Nianze na binti, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae chini na kalamu. Jioni za Jumanne na Alhamisi anajifunza cherehani kwa fundi mmoja wa mtaani kwetu. Nimezichagua siku hizo kwa sababu mimi sina darasa. Somo lake ni saa kumi na mbili na nusu, na hawezi kutoka mpaka nifike, kwa kuwa mtoto wangu mdogo ana miaka mitatu na baba yao kazi yake ni ya zamu. Mwezi uliopita, Alhamisi moja, nilimkuta mlangoni ameshavaa viatu, utepe wa kupimia ameuning'iniza shingoni kama mafundi wanavyofanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba dada. Bado unawahi?"

"Nawahi, nikikimbia. Leo fundi anafundisha kukata kola, na kitambaa chenyewe kimoja. Akishakata, ndiyo basi."

Akaondoka mbio. Nimelifikiria sana lile neno la kitambaa kimoja. Mimi nikichelewa dukani, bosi atasema na nitasikia. Nikichelewa darasani, mwalimu anaendelea na somo, nami nitaomba daftari kwa mwenzangu. Lakini binti wa kazi, mwajiri wake akichelewa, anamwambia nani? Ananyamaza, anavua viatu, anarudi jikoni. Katika nyumba nyingi za hapa mjini muda wa dada ndio wa kwanza kuchukuliwa, na hakuna anayeuandika popote. Mimi ni mtu wa hesabu, nakataa deni lisiloandikwa. Kwa hiyo kwenye ratiba yangu ya mwaka huu saa yake nimeiandika ya kwanza, kwa wino, halafu zangu zikafuata.

Sasa namna ya kuwahi kwenyewe. Ukimuuliza mtu wa Kimara ni muda gani mpaka Kariakoo, atakutajia muda wa ndani ya basi. Mwendokasi ina njia yake tangu 2016, na ikishaondoka kituoni inakwenda. Ila safari siyo basi peke yake. Kuna kufunga mlango na kurudi kwa sababu chupa ya chai imebaki mezani. Kuna bajaji ya kutoka Temboni mpaka Kimara Mwisho, kuna kukata tiketi, kuna mstari, kuna basi linalojaa ukiwa umeshafika mlangoni. Ukishuka Gerezani bado unapita katikati ya mikokoteni na vijana wenye marobota mabegani, na hao huwezi kuwaambia wakupishe, wewe ndiye unayepisha. Siku hizi nahesabu kuanzia mlango wa nyumba yangu mpaka kiti changu cha ofisini. Ukihesabu hivyo, saa ya kuamka inajipanga yenyewe.

Mambo ya asubuhi yamehamia usiku. Sare zinapigwa pasi usiku, maana umeme ukikatika alfajiri hakuna wa kumlalamikia. Mkubwa yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa, na shule yao inawaita mapema kwa masomo ya ziada. Begi analipanga mwenyewe kabla ya kulala na kuliweka karibu na mlango. Viatu juu yake. Nimegundua kuwa mtoto akipewa jambo lake alitunze, analitunza; kelele za asubuhi nyumbani kwetu zimepungua sana, na nilikuwa nadhani kelele zile ni sehemu ya kulea.

Jioni ndiyo ngumu. Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu, na hesabu za duka haziwezi kuachwa zikilala. Kila keshia anatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi, nami nalinganisha na fedha taslimu, kisha na waliolipa kwa lipa namba. Hapo ndipo dakika zinapopotea: mteja kalipa kwa simu ya mke wake, jina halifanani na risiti, mnaanza kutafutana. Nikamwendea bosi nikamweleza kwamba mauzo makubwa ya jumla yanafanyika asubuhi, wateja wa mikoani na wa Zambia na Kongo wakiwahi magari yao. Kwa nini ya lipa namba nisianze kuyalinganisha saa tisa, jioni ikabaki Z na fedha taslimu? Akafikiri kidogo, akasema, "Anza kesho." Haikuwa huruma. Ameona kuwa na yeye atafunga mapema.

Kuna usemi sitaki tena kuusikia, wa kwamba saa zetu Waafrika ni za kuchelewa. Anayesema hivyo hajawahi kufika Soko la Feri alfajiri, samaki wakinadiwa. Njoo nusu saa baadaye uone utapata nini. Hajamfikiria muadhini, mvua au jua, adhana ya alfajiri inatoka kwa wakati wake. Jirani yangu anauza maandazi na jiko lake linawaka saa kumi usiku, wakati mimi bado nimelala, kwa sababu wanafunzi wa asubuhi hawamsubiri. Bibi yangu hakuwa na saa ya mkononi, lakini vuli haikumkuta na shamba halijalimwa. Sisi tunajua kuwahi sana. Tunachokosa ni kumwona mwenzetu anayesubiri kuwa ni mtu mwenye shughuli zake, hasa akiwa mdogo kwetu kwa umri au kwa kipato. Kikao cha harusi kikiitishwa saa kumi na kikaanza saa kumi na mbili, walioumia ni wale walioheshimu saa. Nimeanza kuwaunga mkono hao. Nikifika na akidi haijatimia, nasubiri kidogo, naacha mchango wangu kwa mweka hazina, naaga kwa adabu, naondoka.

Kwa wenzangu wahasibu, neno moja kuhusu tarehe. Kodi ya mishahara ni tarehe 7, ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20, na darasa halijui tarehe hizo. Ikiangukia siku ya somo mtu unajikuta si huko wala huku. Nimeomba ankara zote za manunuzi zinifikie ifikapo tarehe 12, na zitakazochelewa zisubiri mwezi unaofuata, kwa kuwa sheria inatoa nafasi ya kudai baadaye VAT iliyolipwa kwenye manunuzi. Wauzaji wamenuna wiki ya kwanza. Wamezoea.

Linalonipa mawazo ni mvua. Mitihani ya CPA ya bodi ya wahasibu ni Mei na Novemba, yaani masika na vuli, kana kwamba aliyepanga alitaka kutupima na uvumilivu. Bonde la Msimbazi likijaa pale Jangwani, barabara ya Morogoro inafungwa, na sisi wa ng'ambo ya Kimara mji tunausikia redioni. Kwa hilo hakuna kuamka mapema kutakakosaidia. Shangazi yangu anakaa Ilala, upande wa mjini wa bonde. Nimemwomba wiki ya mitihani nilale kwake, amekubali, ila anataka nimpelekee unga wa dona wa mashine ya kwetu, anasema wa huko dukani haunuki mahindi. Na binti naye tumeshaelewana: wiki hiyo ya Mei baba yao ameomba zamu ya asubuhi, ili Jumanne na Alhamisi za cherehani zibaki pale pale.