Jua Lilipohamia Upande wa Pili

Mjomba wangu alikuwa baharia, na katika vyote alivyotuletea Mombasa, kilichodumu ni kanda ya Abbey Road, albamu ya The Beatles, bendi ya Uingereza, aliyoinunua Southampton. Shati zilichakaa, saa ikasimama, biskuti hazikulala hata usiku mmoja. Kanda ilibaki. Mimi na kaka yangu tuliisikiliza tangu shule ya msingi, na hata kabla ya Kiingereza chetu kutosha kuelewa maneno, tulijua kila wimbo unafuatwa na upi. Mmoja ukielekea kuisha, midomo ilikuwa tayari imeshika mwanzo wa unaokuja.

Kwenye kanda ile, upande wa kwanza ulianza na Here Comes the Sun, yaani jua linakuja. Gitaa la kudonoadonoa la George Harrison, mmoja wa wanabendi, ndilo lililofungua shughuli nzima. Upande huohuo ulimalizika kwa I Want You (She's So Heavy), wimbo wa karibu dakika nane unaojizungusha palepale, mvumo wa upepo ukiupandia juu mpaka unakatika ghafla. Hauishi, unakatika, tena katikati ya mpigo. Sekunde chache baadaye kitufe cha redio kaseti kiliruka, tak! Kwetu sisi hiyo ilikuwa kanda imefika ukingoni, basi. Ukigeuza unakutana na Come Together.

Mwaka 1988, nikiwa sekondari, redio kaseti ilianza kuburuta sauti. Mama akanituma kwa mzee mmoja wa mtaani, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda kando ya nyumba yake. Alifungua mgongo wa redio, akatoa mpira wa kuzungushia uliokuwa umelegea, akatia mwingine, akasugua hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba yenye spiriti. Kisha akabonyeza ili ajaribu. Kanda ya mjomba ilikuwa bado imo ndani, imerudishwa mwanzo.

Gitaa la Harrison likaanza. Mzee akasikiliza kidogo, akaizima, akaitoa kanda na kuisoma orodha yake, akiwa ameisogeza mbali na macho.

“Mwanangu, huu si mpango wake. Wimbo huu hapa si mahali pake.”

“Mahali pake ni wapi, mzee?”

“Njoo Jumapili baada ya alasiri. Na usije na haraka.”

Jumapili nilimkuta barazani. Baada ya shikamoo na marahaba aliniingiza ndani, akafunga dirisha la upande wa barabarani, akazima pangaboi kwa sababu panga lake moja lilikuwa likigonga. Chumba kilikuwa joto mara moja. Mkewe alituwekea chai na mahamri juu ya stuli, mzee akaniambia nile kwanza, maana muziki ukishaanza hataki kusikia vikombe.

Santuri yake ya Abbey Road aliinunua Nairobi akiwa kijana. Picha ya jalada nilikuwa naijua, ile ya The Beatles wanne wakivuka barabara, lakini kwenye kanda ilikuwa ndogo kiasi cha kidole gumba. Pale ndipo nilipoona kwamba Paul McCartney anavuka bila viatu. Mzee aliishika santuri kwa kingo, akaipitishia kipande cha mahameli, akateremsha sindano.

Ikaanza Come Together. Besi inayotambaa chini, ngoma zinazojibu kwa sauti nene, na John Lennon akinong’ona pembeni. Nilikuwa nikiupenda wimbo huu kama wa kuamshia upande wa pili. Hapa ulikuwa mlango wa nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa na giza ambalo kanda yetu haikuwahi kuwa nalo. Baadaye ikaingia Something, nikaelewa jambo la kwanza. Kwenye kanda, Something ilifuata Here Comes the Sun, yaani nyimbo mbili za Harrison zimepangwa sambamba, laini juu ya laini, na ya pili ikapotelea kwenye utamu wa ya kwanza. Kwenye santuri ilitoka moja kwa moja ndani ya tope la Come Together. Lile gitaa la mwanzo lilipoteremka nilijikuta nimeinua kichwa.

Nyimbo tatu zilizofuata, Maxwell’s Silver Hammer, Oh! Darling na Octopus’s Garden, zilikuwa mahali pao pa siku zote, kwa hiyo nazipita. Nilichokuwa nikikingoja ni kuona mzee atafanya nini na I Want You.

Hakufanya lolote. Aliketi mikono imekunjwa. Ule wimbo una maneno machache mno, na kama dakika tatu zake za mwisho hauna maneno kabisa, ni gitaa lilelile likipanda ngazi zilezile, linarudi, linapanda tena. Polepole unaingia ule mvumo, uliotolewa na sinthesaiza ya Moog, kinanda cha umeme, mwanzoni kama kusi nje ya dirisha, halafu unajaa mpaka bendi nzima inazama. Jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni. Nilijua panapokatika, nikakaza mwili.

Ukakatika. Safari hii hakukuwa na kitufe cha kuruka. Kilichosikika ni sindano tu ikikwaruza kwenye mtaro wa ndani, na mzee hakuinuka. Aliuacha ule ukimya ukae. Ndipo nilipofahamu kwamba mkato ule ulikusudiwa, kwamba hakuna kanda iliyoishiwa wala mtu aliyekosea, na kwamba baada ya uzito wote ule msikilizaji alitakiwa aachwe hivyo, bila wa kumshika mkono. Mzee akanyanyuka, akainua mkono wa sindano, akageuza santuri, akaifuta tena kwa mahameli taratibu kabisa. Masikio yangu yalikuwa bado yanavuma.

Kisha gitaa lile la kudonoadonoa likaingia.

Wimbo huu nilikuwa nimeusikia mara zisizohesabika. Jumapili ile ulinifikia kifuani. Hakuna noti iliyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba kwenye kanda yetu jua lilikuwa likimchomozea mtu ambaye hajaona usiku, na hapa nilikuwa nimetoka kuuvuka usiku wenyewe, dakika karibu nane za usiku, na ukimya juu yake. Miaka ya baadaye nilisoma kwamba Harrison aliutunga majira ya kuchipua ya 1969 bustanini kwa rafiki yake, mpiga gitaa Eric Clapton, siku aliyokwepa kikao cha Apple, kampuni yao, wakati ambapo vikao vya biashara na ugomvi wa fedha vilikuwa vimewachosha wote. Ni wimbo wa mtu aliyetua mzigo. Ukiuweka mwanzo kabisa, mzigo unakuwa bado haujabebwa na yeyote.

Tulisikiliza hadi mwisho: sauti tatu za Because zilizorekodiwa mara tatu zikawa tisa, mfululizo wa vipande vya nyimbo vinavyopokezana bila kupumua, ngoma za Ringo Starr, magitaa matatu yakijibizana kwenye The End. Yote hayo kanda yetu ilikuwa nayo sawasawa. Ni nyimbo mbili tu zilizokuwa zimepokonywa viti vyao.

Nilimuuliza mzee kwa nini waliotengeneza kanda wafanye hivyo. Alichukua penseli, akageuza risiti ya spea, akajumlisha. Kwenye santuri, upande wa kwanza unauzidi wa pili kwa dakika mbili na ushei. Santuri haijali. Kanda inajali, kwa kuwa pande zake mbili ni utepe uleule, na upande mfupi unaacha utepe mtupu ambao kiwanda kimeulipia. Come Together inaizidi Here Comes the Sun kwa kama dakika moja na robo. Zibadilishane viti, na pande zote mbili zinakuwa karibu sawa, dakika 23 na nusu hivi kila mmoja. Hesabu ilikubali vizuri mno. Niliitazama risiti ile nikaona uchungu kweli, kwamba kitu kikubwa namna ile kiliuzwa kwa dakika moja na robo ya utepe.

Hao wanne wenyewe hawakuupata mpango wao kirahisi. Tarehe 20 Agosti 1969 walikutana studio kumalizia I Want You na kupanga albamu, na hiyo ikawa mara ya mwisho kwa wote wanne kuwa pamoja studio. Kabla ya kukata shauri, pande zilikuwa zimepangwa kinyume: jua lifungue, na ule mkato ndio uwe mwisho wa kila kitu. Wakageuza. Nashukuru waligeuza, kwani albamu inayoishia kwenye mkato ule inamwacha mtu gizani, na hii tuliyo nayo inampitisha gizani kisha inamtoa.

Kabla sijaondoka, mzee alinituma dukani nikanunue kanda tupu ya dakika 60, akanirekodia kutoka kwenye santuri. Kila upande una dakika 30, hivyo baada ya mkato zilibaki kama dakika tano za utepe mtupu. Alinisisitiza nisizipeleke mbele.

Kaka hakukubaliana na haya. Alisema dakika tano za kusikiliza hewa ni kumaliza betri bure, na kwamba upande wa pili bila Come Together mwanzoni hauna nguvu za kumwinua mtu kitandani. Akaikumbatia kanda ya mjomba, anayo hadi leo kwake Kilifi. Kila tukikutana Idi tunaanza upya, yeye na nguvu zake, mimi na usiku wangu unaotangulia jua, na watoto wake wameshajifunza kuhama chumba.