Nilivyojifanya muuzaji ili nijue kama nibaki na boti yangu kuukuu

Walioniudhi zaidi si wauzaji wa boti mpya. Wale kazi yao ni kuuza, siwalaumu. Walioniudhi ni mabaharia wenzangu, kila mmoja na hukumu yake mkononi kabla hajatia mguu sitahani, yaani sakafu ya juu ya boti. Kundi la kwanza: "Uza hilo, litakumaliza." Kundi la pili: "Usithubutu! Boti za miaka ya 1970 zilijengwa imara, za leo karatasi tupu." Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyaya za chuma zinazoshikilia mlingoti zina umri gani, wala bolti za mkuku, ule uti mzito wa chini ya boti, ziliangaliwa lini.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 32, ya mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, ni ndefu, imening'inia juu ya maji, mkuku mzito, chumba cha kulala unaingia kwa kujikunja. Naipenda, ndiyo, lakini mapenzi hayakuwa kigezo. Tulishapanga safari ndefu na mke wangu, na mke wangu alitaka jibu la maana: tubaki nayo au tununue mpya.

Hiyo habari ya "imara" ni kweli nusu. Faiba ilipoanza kutumika, wajenzi hawakuwa na uhakika na nguvu zake, wakawa wanarundika tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana bodi nyingi za zamani ni nene kweli kweli. Ila resini ya poliesta waliyotumia hupenyeza maji taratibu, na baada ya miaka mingi bodi huota malengelenge chini ya mstari wa maji. Wajenzi walipohamia vinilesta, resini isiyopenyeza maji kirahisi, kwa tabaka za nje, tatizo hilo likapungua sana. Halafu unene wa bodi hausaidii kitu kama sitaha imeoza. Sitaha nyingi zina ngozi mbili nyembamba za faiba na mbao laini ya balsa katikati. Skrubu moja tu isiyozibwa vizuri inatosha: maji yanaingia na mbao inaoza kimya kimya, huku juu panang'aa.

Na hao wanaodhani upya ni usalama, wakumbuke Cheeki Rafiki. Mwaka 2014 boti hiyo ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki ya Kaskazini na mabaharia wake wanne wakapotea. Haikuwa hata na miaka 10. Iliwahi kugonga chini na kufanyiwa matengenezo, na wachunguzi wa Uingereza waliona mambo hayo huenda yalidhoofisha mahali mkuku unaposhikwa. Kwa hiyo ukienda kununua boti yoyote, iwe ya miaka 5 au 50, swali la kwanza ni imewahi kugonga wapi na nani aliitengeneza.

Sasa nije kwenye ujanja wangu, maana hapa ndipo najisifu.

Mwenye boti hawezi kuiona boti yake. Macho yameshazoea, ile nyufa karibu na ngazi unaipita kila siku unaiona pambo. Nikaamua kuitangaza inauzwa. Bei niliiweka juu kidogo, si ya kufukuza watu, ila ya kuwafanya waje na hoja za kupunguziwa. (Angetokea wa kulipa bei ile ningemuuzia, sikumlaghai mtu.) Mnunuzi anayetaka kupunguziwa atakukagulia boti bure, tena kwa bidii ambayo mkaguzi wa kulipwa hana. Wakija, nilikaa pembeni, daftari mfukoni, mdomo nimefunga.

Wengine walikuja kupiga picha tu. Lakini alikuja bwana mmoja na nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki. Hakunisalimia sana. Alipiga magoti kwenye omo akaanza kugonga sitaha, kiganja kwa kiganja, akirudi nyuma kuelekea mlingoti. Ko, ko, ko, mlio mkavu. Alipofika chini ya mlingoti mlio ukabadilika: pu. Akarudi hatua moja, ko. Akasogea tena, pu. Akatoa chaki akachora duara.

"Kaka, hapa pana maji."

"Ala! Kweli?" nikasema, kwa mshangao wa kuigiza jukwaani.

Akaomba bisibisi, akang'oa skrubu moja kwenye kitako cha nguzo ya reli. Likachuruzika tone la maji ya kahawia, likafuatiwa na jingine. Nilitamani kumkumbatia. Kisha akashuka chini, akakwangua kwa kisu ile valvu ya kuingizia maji ya choo. Badala ya njano ya shaba, ndani palikuwa na rangi ya waridi. Akanieleza kwa huruma, kana kwamba mimi ni mgeni wa bahari: shaba ya njano ina zinki, chumvi huila zinki taratibu, na kinachobaki ni shaba laini inayoweza kukatika kwa kusukumwa na mguu. Valvu ikikatika chini ya maji, unajua mwenyewe. Akataja nusu ya bei yangu. Nikamshukuru kwa dhati, na sikuwa naigiza tena.

Wengine waliokuja walikuwa mume na mke. Mume alisifia mlingoti. Mke hakusema kitu. Alinyanyua ubao wa sakafu, akachovya kidole kwenye maji ya ngama, pale chini kabisa yanapokusanyika, akalamba. "Ya mvua," akasema, akafunga ubao. Ingekuwa ya chumvi maana yake inavuja chini. Kwa kuwa hayakuwa na chumvi, maji yanapita juu, na tezi na omo marejeo ni ngamani. Sikuwahi kuwaza kuonja.

Baada ya hapo ndipo nikamlipa mkaguzi, boti ikiwa nje ya maji, na orodha ya wanunuzi wangu mkononi. Neno moja hapa: usikubali bodi ipimwe unyevu siku ile ile inayotolewa majini. Kipimo kitapanda, utapata presha bure. Iache ikauke. Malengelenge ya boti yangu yalikuwa machache na madogo, bodi yenyewe salama. Bolti za mkuku mbili zilifunguliwa, safi. Nyaya za mlingoti hakuna aliyejua umri wake, na kampuni nyingi za bima huanza kusumbua nyaya zikishapita miaka 10 au 15, kwa hiyo hizo zilikuwa za kubadilisha tu, pamoja na mabamba yanayozifungia kwenye bodi. Bamba la chuma kisichoshika kutu huliwa pale lilipojificha ndani ya sitaha, ambako hewa haifiki, huku sehemu ya nje unaweza kujiangalia uso.

Boti mpya nayo niliipa haki yake. Nilikwenda kuiona kwa moyo mweupe. Chumba cha nyuma unasimama wima, jikoni panaingia jua, na omo yake imesimama wima hivyo mstari wa maji ni mrefu, na mstari mrefu ndio mwendo. Kanuni ya zamani ni kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi mara 1.34: futi 25 zinakupa noti (maili za baharini kwa saa) 6.7, futi 30 zinakupa zaidi ya 7. Kwa safari ndefu tofauti hiyo si mchezo. Tena tangu 1998 boti mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima ziwekwe daraja kulingana na bahari zinayoweza kuihimili, na daraja A ni la bahari kuu. Boti yangu ilizaliwa kabla ya karatasi hizo.

Lakini bei ya kwenye kijitabu ilikuwa ya boti isiyo na nanga. Sitanii. Haina nanga, haina mnyororo, haina rangi ya chini ya kuzuia viumbe wa bahari, haina vipimo vya upepo. Nikamwambia muuzaji: nipe bei ya boti inayoweza kuondoka bandarini kesho asubuhi. Ikapanda kama robo hivi. Kisha nikaomba tulale humo usiku mmoja ikiwa imetia nanga. Akasita, akakubali. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya boti hizi ni pana na bapa, na kila kijiwimbi kilichopita kiliipiga kofi chini ya godoro letu. Mke wangu alihamia sebuleni mapema sana.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu tena. Kurekebisha yangu kulikuwa kama sehemu ya tano ya bei ya mpya. Pesa hiyo haitarudi nikiuza, na anayekuambia itarudi muulize boti ngapi ameuza. Ila boti mpya nayo inashuka thamani vibaya miaka ya mwanzo, na kwa aina ile ya boti kushuka huko peke yake kungekula zaidi ya matengenezo yangu yote. Ningekuwa nauza ndani ya mwaka, nisingegusa hata skrubu. Sisi tunakwenda mbali, tukabaki nayo.

Nyaya nilimwachia fundi. Sitaha nilifanya mwenyewe: nikakata ngozi ya juu, nikachokonoa balsa iliyooza, nikaacha pakauke kabisa, nikaweka mpya kwa epoksi, gundi ngumu isiyopitisha maji. Matundu ya skrubu toboa makubwa kuliko yanavyotakiwa, jaza epoksi, ikikauka toboa tena saizi halisi. Mbao haitaonana na maji tena.

Injini bado ni ile ya zamani. Inatoa moshi kidogo asubuhi lakini inawaka. Nimeshapima: mpya ya nguvu ile ile ni fupi na nyepesi, itapita mlangoni bila kukata ngazi. Ila vitako vyake havilingani na vya zamani, kwa hiyo vile vya chuma vilivyomo botini vitatengenezwa upya kabla ya safari.