Sikio la Juu

Mwezi wa nne huu tangu nitogwe tundu la juu, sikio langu la kushoto ndilo linalotawala. Ndilo linaloamua nilalie ubavu upi, mtandio niufunge vipi, simu niipokelee upande gani. Watu wakikiona kihereni pale juu huniuliza swali moja tu: "Iliuma?" Habari ya baadaye hakuna anayeiulizia, na kazi yenyewe iko huko.

Kuuma iliuma, pumzi moja ikaisha. Kilichonishtua ni sauti. Pale juu si nyama, ni gegedu, na sindano ilipopenya nilisikia kichwani mlio kama wa mtu anayetafuna gegedu la kuku. Baada ya hapo sikio likawaka moto hadi Magharibi, likapoa.

Kijana aliyenitoga nilimhoji kabla sijakaa kitini. Angetoa ile bunduki ya saluni ningebeba mkoba wangu nikarudi zangu. Bunduki haina makali ya sindano. Inaisukuma hereni butu kwa nguvu hadi ipenye, na nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Kwenye ndewe za chini watu wengi wamesalimika nayo, lakini juu kwenye gegedu sikio si la kufanyiwa majaribio. Yeye alitoa sindano yenye tundu katikati, akaichana pakiti yake mbele ya macho yangu, glavu mpya, hereni ya titaniamu. Shina la hereni lilikuwa refu kupita kiasi na nikamwambia. Akanijibu, "Dada, sikio litavimba. Nikikuwekea fupi litakubana, hereni izame ndani ya nyama. Uvimbe ukipungua rudi nikubadilishie."

Nilikwenda kumwonyesha bibi nikitarajia kugombezwa. Bibi anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na macho yake bado yaona kila kitu. Akalishika sikio langu, akaligeuza huku na huku. "Kumbe ni hiki tu? Na mwalipa pesa? Sisi tulitogwa bure na halua tukapewa." Kisha akavua mtandio. Miaka yote hii namjua kwa majasi yake ya ndewe, lakini sikuwahi kuutazama vizuri ukingo wa juu: matundu yamepangana kuzunguka sikio, mengine yamezibika yakabaki alama, mengine bado yanapitisha kipuli. Hiki ninachouziwa kama mtindo wa vijana, wanawake wa pwani walikuwa nacho zamani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba mtoto wa kike alitogwa siku ya saba, kwa kawaida matundu sita kila sikio, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri. Pete nzito za dhahabu zilifuata baada ya kama miezi miwili.

Kwa bibi haukuwa uzi wa hariri. Ulikuwa uzi wa kushonea uliochovywa mafuta ya nazi, ukifungwa kitanzi na kuzungushwa kila asubuhi. Uzi ukitoka, kinaingia kijiti cha chelewa kilichokatwa kwenye ufagio na kulainishwa. Mimi pia ndewe zangu za chini zilikaa na vijiti vya chelewa nilipokuwa darasa la pili, nikaona fahari kubwa. Lakini lile la kuzungusha nimemkatalia bibi kwa heshima zote. Majimaji yanayotoka hukauka shinani yakawa ugando, na ukizungusha, ugando ule unakwaruza ngozi changa ndani ya tundu. Kidonda kinaanza upya.

Ninachofanya ni kidogo mno hata naona haya kukisimulia. Asubuhi na usiku naosha mikono kwa sabuni, nalowesha shashi kwa maji ya chumvi ya dukani kwa mfamasia, yale ya dripu ya asilimia 0.9, naiweka sikioni hadi ugando ulainike, naupangusa, nakausha. Basi. Yasipopatikana, robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti sitii, wala ile dawa ya kutoa povu, maana huunguza hata ngozi inayojaribu kuota. Ami yangu, ambaye ana jawabu la kila jambo, alinishauri niende ufukweni Mama Ngina nikatumbukize kichwa baharini, chumvi si chumvi? Ami wangu mpenzi, maji ya bahari yana chumvi karibu mara nne ya hiyo yangu, na yana mengine mengi zaidi ya chumvi, hasa mvua zikinyesha na mitaro ikamwagika. Kuogelea nimesimamisha.

Tabu ya kweli ni mtandio. Uzi ukinasa kwenye hereni huku unashuka kwenye tuktuk, utaona nyota mchana. Siku hizi navaa wa pamba laini, pini zote upande wa kulia, na kuuvua naanzia kushoto, polepole. Mafuta ya nywele yanaishia nyuma, hayafiki mbele ya sikio. Kulala nalalia kulia, au natumia ule mto wa shingoni wa wasafiri, sikio likae kwenye uwazi.

Mwezi wa pili likaota kipele chekundu, laini, kando ya tundu. Hapo ndipo utawajua waganga wa ukoo. Shangazi: dawa ya meno. Binamu: aspirini ya kusaga. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, keloidi, kwa sababu sisi watu weusi hutupata zaidi na rafiki yangu anayo. Yake ilianza miezi baada ya kutogwa, ikakua taratibu hadi ikavuka mipaka ya kidonda, donge gumu linalong'aa, kubwa kuliko hereni yoyote atakayovaa. Alikatwa, likarudi, sasa anachomwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe. Ndiyo maana nikiulizwa na mtu anayetaka kutoga, kabla ya bei namuuliza kama kwao kuna mwenye keloidi.

Changu hakikuwa hicho. Kijana alikitazama mara moja akasema shina ndilo tatizo: uvimbe umeshuka, hereni ndefu inacheza na kila mtandio unaichokonoa. Akatia fupi. Kipele kikasinyaa chenyewe bila dawa ya meno ya mtu.

Jambo moja ambalo singelingojea lisinyae ni sikio la juu lote kuwa jekundu, la moto, limevimba na linauma, huku ndewe iko salama, pengine na homa juu yake. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando uliolizunguka, na usaha ukiingia katikati ya viwili hivyo, gegedu hufa na sikio hukunjamana maisha yote.

Ukosefu huo wa damu ndio pia unaochelewesha kupona. Ndewe ya chini hupona kwa wiki sita hadi nane. Huku juu ni miezi sita hadi mwaka, na ngozi huanza kupona nje ikielekea ndani, kwa hiyo sikio langu sasa ukilitazama utaapa limepona. Halijapona.

Bibi hataki kuyasikia hayo. Amefungua kijaluba chake akanitolea kipuli kimoja cha dhahabu, chenye ndoano nene ambayo haipiti kwangu hata kwa dua. Nimekipeleka kwa sonara, amesema anaweza kuikata ndoano, atie shina jembamba la dhahabu ileile, na vumbi la tupa anirudishie. Nimemwambia aifanye kazi bila haraka. Bibi kila Ijumaa anapiga simu kuuliza kama sonara amekufa.