Mjomba, Penseli na Miavuli ya Kariakoo

Mwaka 2012, nikiwa nyumbani Temeke nasubiri matokeo ya kidato cha sita, mjomba alinikuta sebuleni nasoma kijitabu cha vyuo. Akauliza nataka kusomea nini. Nikamwambia usanifu wa majengo, pale Chuo Kikuu cha Ardhi. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Haya, paa la Soko la Kariakoo linashikiliwa na nini?"

Kariakoo nilikuwa naenda na mama tangu nabebwa mgongoni. Ningeweza kukueleza nyanya zinauzwa wapi, viungo wapi, na shimoni kunanukaje jua likishapanda. Lakini paa? Nilikaa kimya. Mjomba hakunicheka. Alisema tu, "Kesho vaa viatu vya tope."

Alikuwa mchora ramani wa zama za ubao mkubwa, rula ya T na kalamu za wino zilizokuwa zikioshwa kila jioni. Miaka yote ya kazi yake aliwachorea wasanifu na wahandisi. Jina lake liliandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona ya karatasi, au halikuandikwa kabisa. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Tulishuka daladala Gerezani kukiwa hakujapambazuka vizuri. Ilikuwa Aprili, masika imekolea, na barabara zimejaa madimbwi. Wasukuma mikokoteni walikuwa wanapiga mluzi watu wawapishe, mama lishe wanachochea mkaa. Mjomba alikuwa amebeba mfuko wa rambo, ndani yake daftari la karatasi zisizo na mistari, penseli mbili za 2B na wembe wa kuchongea. Tulipofika Mtaa wa Mkunguni alinyoosha mkono akaniomba raba na rula nilizokuja nazo. Akavitia mfukoni mwa shati.

"Rula ina macho yake," akasema. "Leo nayataka ya kwako."

Kijana wa duka la pembejeo alitupa kreti mbili za soda tukae barazani kwake, tukielekeana na soko. Nikafungua daftari nianze. Mjomba akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Bado. Kwanza nitazamie pale ambapo hapana jengo."

Sikuelewa, akaelekeza juu. Paa la soko lile si bati lililolazwa. Ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, kingo zimeinuka na katikati pamezama, kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Baina ya kingo zile kulikuwa na vipande vya mbingu, vingine vyembamba, vingine vipana, kila kimoja na umbo lake. Mjomba alitaka nichore mbingu ile kwanza. Nilichora vipande vile kimoja kimoja, na nilipomaliza nikaona kingo za miavuli zimejitokeza zenyewe kwenye karatasi bila mimi kuzichora.

Mpaka leo naamini hilo ndilo somo la kwanza la kuchora mji, na ndilo wengi wanaruka. Mwambie mtu achore jengo, atachora jengo analolijua kichwani: paa, ukuta, mlango, dirisha. Mkono unakimbilia kile ambacho akili imeshakipa jina. Uwazi hauna jina, kwa hiyo inabidi uutazame.

Halafu akanifundisha kupima. Mkono unyooshwe kabisa, kiwiko kisikunjwe hata kidogo, jicho moja lifumbwe, penseli isimamishwe wima. Ncha ya penseli unaiweka kwenye ukingo wa mwavuli, dole gumba unalishusha mpaka chini ya nguzo. Urefu ule sasa ni kipimo chako. Unailaza penseli, unauliza: upana wa mwavuli unaingia mara ngapi? Mjomba alikazia kiwiko kwa sababu kikikunjwa penseli inasogea karibu na jicho, na kipimo kinabadilika bila wewe kujua. Kila mara nilipolegeza mkono alinigonga kiwiko kwa kidole.

Kipimo cha watu kilinifurahisha zaidi. Alinisimamisha barabarani, akaniambia nitazame vichwa. Mtaa ulikuwa umefurika, karibu na mbali, wabeba mizigo, wanunuzi, wanafunzi wanakatiza. "Wote ni watu wazima kama wewe, na mnasimama kwenye ardhi moja. Vichwa vyao viko wapi?" Nikatazama. Aliye hatua tatu kutoka kwangu na aliye mwisho wa mtaa, vichwa vyao vilikuwa kwenye mstari mmoja, usawa wa macho yangu. Kilichobadilika ni miguu: ya waliokaribu ilishuka chini ya karatasi, ya walio mbali ilipanda kuufuata mstari. Kisha akanikalisha tena kwenye kreti, na mstari wote ukashuka pamoja nami, vichwa vya waliosimama vikabaki juu yake. Kingo za maduka ya kushoto na kulia nazo zilikuwa zinateremka na kupanda kuelekea huko huko, kwenye usawa wa macho. Vitabu vinaeleza jambo hili kwa mistari mingi na maneno magumu. Mimi lilinikaa kwa kusimama na kukaa.

Tukiwa katikati ya hayo, mwanamume mmoja alivuka mtaa akatujia. Hakuwa na hasira, ila uso ulikuwa umekunjamana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, huyu binti anatuchora ili iweje? Nyie watu wa Jiji?"

Nilimwelewa. Dar es Salaam, mtu anayekuja na karatasi na kulikodolea jengo macho mara nyingi huja kabla ya rangi nyekundu na alama ya X ukutani, ya kubomolewa. Mwenye kamera anaweza kuwa mtalii. Mwenye penseli anapima. Mjomba hakujitetea. Alichukua daftari mikononi mwangu, akampa.

"Tazama mwenyewe, baba. Umeliona soko lako?"

Yule bwana alitazama kwa muda. Alikuwa muuza viungo, meza yake ndani ya soko. Kidole chake kikatua kwenye mchoro.

"Hii nguzo umeikondesha, dada. Mimi nikiikumbatia mikono haikutani."

"Mweleze," mjomba akasema, naye akasimama. "Tena tupeleke tukaione."

Tukaingia. Kule ndani mwanga ulikuwa unatoka juu, kwenye nafasi zile zile nilizokuwa nimezichora kama vipande vya mbingu. Joto lilikuwa linapanda huko huko na kutoka, na ndiyo maana soko lile, pamoja na umati wote, lilikuwa na hewa. Muuza viungo alitupeleka mpaka kwenye nguzo iliyokuwa karibu na meza yake. Akaipiga kofi kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Kisha mvua ikaanza, ya masika, ile inayomwagika yote kwa pamoja.

"Sikieni sasa," akasema. "Maji yote ya juu yanakuja hapa katikati, yanashuka na nguzo."

Nikaweka kiganja kwenye zege. Ilikuwa baridi, na nyuma ya kelele za wachuuzi nilisikia maji yakishuka. Mjomba alikuwa ananitazama. Hapo ndipo swali lake la jana lilipojibika, na jibu lilikuwa pana kuliko nilivyotegemea. Nguzo moja inabeba mwavuli wake, inapokea maji ya mvua na kuyashusha chini, na kwa sababu inajitosheleza haihitaji ukuta, kwa hiyo upepo unapita na watu wanaingia kutoka kila upande. Kuinamishwa kwa zege kuelekea katikati, ambako mimi nilikuona kama pambo, kulikuwa na kazi.

Mjomba alinieleza kuwa soko lile lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa, Israel, katika chuo cha Technion, wakati ambapo wasanifu Waafrika wa Afrika Mashariki nzima walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Alisema Amuli alianzia mahali ambapo masoko yetu yameanzia siku zote: watu wamepanga bidhaa chini ya miti. "Akapanda miti ya zege," mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya mtu wa kazi anayemsifu mtu wa kazi.

Tulirudi barazani mvua ilipopungua, nikafungua ukurasa mpya. Safari hii nilianza na nguzo, nene kama ilivyo, nikaipandisha kwa mkono mmoja bila kuinua penseli. Kisha zege linalofunguka. Kisha vishale vidogo vya maji. Meza, magunia, mikokoteni na watu nikaviweka mwisho, kwa mistari myepesi, maana vile huja na kuondoka. Mjomba hakusema neno mpaka nilipoweka kivuli cha chini ya mwavuli kwa ubavu wa penseli. Akasema, "Sasa limesimama." Muuza viungo alipouona aliwaita wenzake wa meza za jirani.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lile liliungua. Nilikuwa kazini tayari, ninachora kwa kompyuta kama wote, na picha za moto zilinifikia kwenye simu. Nililia, sioni aibu kusema. Baadaye serikali ililikarabati, na ninashukuru kwamba waliamua kulitengeneza badala ya kulivunja. Lakini hofu ya usiku ule ilinionyesha jambo: niliweza kuichora nguzo ile kwenye giza la chumba changu, unene wake na mahali maji yanapoingilia, ilhali kuna majengo niliyoyapiga picha mamia ambayo siwezi kukuambia yana ghorofa ngapi. Kamera haikulazimishi kuamua chochote. Penseli kila sentimita inakuuliza.

Nirudi Aprili ile. Mchana mjomba alinipeleka Mtaa wa Sikukuu, kwa bibi mmoja aliyekuwa anafahamiana naye tangu ujana. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa, ya chini, imebanwa na maghorofa pande mbili. Baraza mbele, mlango katikati, ukumbi ulionyooka mpaka nyuma, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na mwisho wake uani, penye jiko, choo na kamba za nguo. Zamani karibu Kariakoo yote ilikuwa ya nyumba za namna hii.

"Soko umelichora kwa macho," mjomba akaniambia. "Nyumba hii ichore kwa miguu."

Nikapima hatua yangu kwanza kwenye kipande cha futi alichokuwa nacho, kisha nikatembea: mlango hadi uani, ukuta hadi ukuta, upana wa ukumbi. Nilichora ramani nikiwa nimesimama, daftari limeegemea mkono. Bibi alinifuata nyuma akinisahihisha kwa maneno ambayo hakuna ramani ingeyabeba. Chumba hiki kilikuwa cha mpangaji fundi cherehani. Hiki ndimo walimozaliwa watoto wake wawili wa mwisho. Milango ya vyumba haikutazamana, ilipishana kidogo, na nilipouliza sababu alinijibu kama anayemjibu mtoto: "Ili mpangaji akifungua mlango asimwone mwenzie kitandani." Nikaisogeza milango kwenye karatasi. Ningepita haraka ningeichora imetazamana, kwa kuwa ndivyo inavyopendeza kwenye ramani.

Kuhusu ukumbi, bibi alitaka nionyeshe pia mkeka. Nilimtazama mjomba, akatikisa kichwa kukubali. Ukumbi ule ndio uliokuwa unapitisha upepo kutoka mtaani mpaka uani, na mchana wa joto wote walikaa pale: kuchagua mchele, kusuka nywele, kupokea wageni wa kike. Mkeka ulikuwa sehemu ya jengo sawa na ukuta. Nikauchora.

Tulipoaga, bibi alinyoosha mkono kudai karatasi.

"Nyumba ni yangu," alisema.

Mjomba alichana ukurasa taratibu kwenye mshono, akampa kwa mikono miwili. Mimi nikabaki nimeshika daftari, roho inaniuma, maana mchoro ule ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuchora. Kwenye daladala ya kurudi mjomba alinirudishia rula na raba yangu, akaniambia nikifika nisile kwanza.

Nilikaa mezani na ukurasa mtupu. Nikaanza na ukumbi kwa kuwa ndio ulioshika nyumba nzima, kisha vyumba, sita, milango imepishana. Idadi ya hatua nilikuwa nazikumbuka miguuni. Uani, jiko, choo, kamba. Mjomba alikuja kusimama nyuma yangu, akaweka kidole penye chumba cha pili kulia na kuuliza dirisha lake linafungukia wapi. Nikamwambia lilikuwa linafungukia uchochoroni mpaka ghorofa la jirani lilipoliziba, na nikalichora limezibwa.