Glaida ya Baba Ukingoni mwa Menengai

Baba alikuwa seremala wa reli. Maisha yake yote ya kazi yalikwisha kwenye mabehewa: viti, milango, fremu za madirisha, vyote vya mbao ngumu zisizopokea msumari mpaka zitobolewe kwanza. Mwishoni mwa 1995, alipokuwa amestaafu na tunaishi Nakuru, kaka yangu alituma kutoka Uingereza boksi refu lenye vipande vya ndege ya kujiundia. Baba alitoa ubao mmoja wa balsa, akaupima kiganjani, akaunusa, akaniuliza, "Mama, huu ni mti kweli?" Aliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

Ni mti kweli. Hutoka Amerika ya Kusini, hasa Ekwado, na ukikauka mita moja ya ujazo ina kilo 160 hivi. Mvule aliouzoea Baba hupita kilo 600. Usiku ule hakulala mapema. Kila nilipopita sebuleni nilimkuta na kile kibao mkononi.

Ndege yenyewe ilikuwa glaida, haina injini, mabawa yake mita mbili kutoka ncha hadi ncha, na inaongozwa kwa redio. Rimoti ilikuwa na chaneli mbili, kwenye masafa ya megahezi 35 ambayo Waingereza waliyatenga kwa ndege za mfano. Chaneli moja iligeuza usukani wa mkia kushoto na kulia, ya pili iliinua na kushusha pua. Mabawa hayakuwa na kitu cha kugeuza. Yalipanda kidogo kuelekea ncha, na umbo hilo ndilo lililoilaza ndege kwenye kona usukani ulipogeuka, kisha likairudisha sawa.

Tulitandaza mchoro mezani, tukaufunika kwa karatasi ya nailoni ili gundi isiushike, tukabana mbavu za bawa kwa pini juu ya mistari yake. Baba alikata kwa wembe. Kila kiungo alikiinua dirishani, na mwanga ukipenya hata uzi mmoja, alirudi kwenye msasa. Nilikuwa na haraka ya ujana, nikamwambia gundi itajaza pale. Akasema gundi ina uzito, na uzito huo bawa litaubeba kila siku. Sijawahi kusikia sababu bora ya kufanya kazi safi.

Kuvisha mabawa ilikuwa kazi ya mama yangu. Ngozi ya glaida ni plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja. Ukiipasha moto hushika mbao, ukiongeza moto hujikaza kama ngozi ya ngoma. Moto ukizidi upande mmoja, bawa hupinda, na ndege yenye bawa lililopinda huvuta upande uleule maisha yake yote. Tulikuwa na pasi ya makaa tu. Mama yangu aliisogeza karibu na shavu, akasubiri, akaijaribu kwenye kipande cha masalio, akasubiri tena. Alipiga juu kidogo, akageuza, akapiga chini kidogo, huku Baba akichungulia bawa kutoka nchani kwa jicho moja. Lilitoka limenyooka.

Kisha mizani. Glaida hii ilipaswa kutulia ukiiinua kwa vidole viwili chini ya bawa, theluthi moja ya upana wa bawa nyuma ya ukingo wa mbele. Yetu iliangusha mkia. Tulisogeza betri puani, haikutosha, ndipo Baba akaenda gereji akaomba vile vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu. Tukavijaza puani kimoja kimoja mpaka ikalala sawa. Redio tuliijaribu barabarani, antena ikiwa imefungwa: mimi nikienda mbali nikiwa na rimoti mkononi, Baba akitazama mkia na kuinua mkono kila ulipocheza.

Tulingoja Februari, mwezi wa ukavu. Menengai ni shimo la volkano lenye upana wa kilomita 12 kwa 8, na ukuta wake unashuka karibu mita 500. Watu wengi huenda kutazama tu. Sisi tulitaka upepo, na tulitaka utoke kaskazini, kwa sababu upepo unaovuka shimo ukikutana na ukuta wa upande wa mji hauna pa kwenda ila juu. Upepo ukitoka upande wa mji, hewa huporomoka ndani ya shimo, na ndege yoyote nyepesi ingeporomoka nayo. Chini kabisa, kwenye mawe meusi ya lava, kulikuwa na mvuke unaotoka ardhini. Asubuhi ile ulisimama wima. Kufikia saa tano ulianza kuinama kuja kwetu.

"Haya, Mama," Baba akasema.

Ukingo ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, kwa hiyo ndege hutaka mwendo mkubwa zaidi kabla bawa halijaibeba. Baba alikimbia hatua chache akaitupa kwa nguvu, pua chini kidogo, kama barua ya kaka ilivyoelekeza. Ikazama chini ya ukingo. Sikuiona. Mama yangu alishika kanga yake kwa mikono miwili.

Ikaibuka. Iliinuliwa yote kwa pamoja, bila kuelekeza pua juu, kama mtu anayepanda lifti. Niliipeleka sambamba na ukuta, na kila kona nikaikata kwa kuuendea upepo. Iliporudi ikinitazama, kushoto na kulia vilibadilishana. Kaka alikuwa ameandika: sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama. Nilifanya hivyo, na likainuka.

Kipanga alikuja kutoka kushoto, akaanza kuzunguka mbele yetu bila kupiga bawa. Nilipokuwa mdogo Baba alinionyesha ndege aina ya mwari juu ya mji, wakizunguka juu ya hewa ya moto mpaka wakawa nukta, kabla ya kuteleza kwenda Elmenteita. "Mfuate," akasema sasa. Niliiingiza glaida kwenye mzunguko uleule, upande wa pili wa kipanga. Wakapanda pamoja. Nilianza kuogopa kutoiona, nikashusha pua.

Kutua ni kugumu pale, maana nyuma tu ya ukingo hewa hujikunja. Nilienda mbali, juu ya nyasi, nikaiacha ipoteze urefu polepole mpaka ikateleza chini na kusimama.

Baba alifika kabla yangu. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, akabonyeza shina la bawa, akatikisa mkia. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe rimoti. Sasa irushe wewe."

Niliitupa kwa nguvu zangu zote. Alishika kijiti kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, akauliza, "Ikija kwangu nafanyaje?"

"Bawa lililoinama, Baba. Sukuma upande huo."